Mama Yako Hakuviua Vibuyu

Turwa, siku moja kabla ya safari

Robi binti yangu,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia, kwa hiyo naanza kwa kuitikia. Saa hizi uko Nyamwaga kwa bibi yako mzaa mama, unaaga, na kama namjua yule mama, hatakuachia mpaka umalize ndizi alizopika kwa ajili ya watu wanane. Mimi nimekaa kwenye meza yako ya kusomea, na kalamu yako, bila ruhusa. Mama yako yuko nyuma anachekecha unga wako wa kwenda nao. Amepita hapa mara moja akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika orodha ya vitu vyako ili tusisahau kitu kesho. Unaona mambo? Barua haijafika mstari wa pili na tayari nimedanganya.

Orodha sitaandika. Habari za kufunga begi, za kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, za kumpigia simu mjomba wako ukikaribia Morogoro, mama yako amekueleza mara tatu. Na mara zote tatu umemjibu "sawa" huku unatazama pembeni. Hiyo "sawa" yako ndiyo imenikalisha hapa.

Jana ulipomaliza kufunga mpira wa mwisho wa matone kwenye kimea chako kipya cha kibuyu, uliniita. Ulisimama pale kando ya pipa, umejifunga kanga kiunoni, mikono ina matope, ukaniambia: "Baba, kuanzia kesho kutwa hiki ni chako. Pipa likipungua usiongeze kitu, subiri mvua. Na mama asiguse." Mama yako alikuwa hatua nne kutoka pale, ameshika ungo. Alisikia. Nilimwona anageuka taratibu kurudi jikoni, na mimi, mwanaume mzima mwenye mvi, nikakujibu, "Sawa, mwanangu, usiwe na wasiwasi."

Robi, mama yako hakuviua vibuyu vyako. Niliviua mimi. Nilivinywesha maji ya kisima kwa mkono wangu, asubuhi baada ya asubuhi, nikijua ulikataza. Ulipouliza nani kafanya, mama yako akasema ni yeye, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza zaidi ya mwaka mmoja. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kwa sababu kuna mtu alikubali kunibeba mgongoni.

Sasa nimeshalisema. Ukitaka kuikunja barua hapa hapa, kunja, lenye maana umeshalisoma. Lakini naomba uendelee, kwa sababu nataka ujue ilikuwaje. Sikuelezi ili unihurumie. Nataka tu ujue ni mtu wa namna gani aliyekulea.

Unakumbuka shangazi yako Nyamburi alipovileta? Alikuja kutoka kwao huko ng'ambo, amevuka mpaka pale Sirari na boksi la keki mapajani, na ndani ya boksi hakukuwa na keki. Vilikuwa vimea vinne, kila jani limerefuka ncha na kuning'iniza kibuyu kidogo chenye mfuniko. "Hizi zilikuwa zinatupwa pale kwa greenhouse nafanyia kazi," akasema, "ziko na vidonda kidogo, lakini ziko sawa. Hii kitu inakula nzi, Robi, utaona tu. Na haitaki mchezo, maji yake ni ya mvua pekee." Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba na ulishangaa kama mtoto wa miaka mitano. Jirani yetu Mama Ghati alipoviona alirudi nyuma, akasema nyumba ya Marwa sasa imeanza uganga, vibuyu vimejiotea vyenyewe. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Wiki ile ile niliua kimoja, na hicho unakijua. Nilikuta kimesinyaa nikakihurumia, nikakiwekea samadi kiganja kizima. Kwetu sisi kitu kikidhoofu unakilisha. Ndama akilegea unamwongezea, mtoto akilegea unamwongezea, shamba likichoka unalipelekea mbolea ya zizini. Kikafa kwa siku nne. Ukanieleza bila hasira kwamba asili yake ni ardhi yenye njaa, ndiyo maana kimejifunza kula nzi, na ukikishibisha kwenye mizizi unakiunguza. Nilikujibu kwamba sijawahi kuona kiumbe anayekufa kwa shibe. Tulicheka. Ulinisamehe papo hapo, na hilo ndilo linanitesa, kwa sababu lina maana ungenisamehe na mara ya pili kama ningefungua mdomo.

Halafu ikaja likizo ile ya Desemba. Ulikuwa unarudi bweni Januari na hukutaka kumwachia mtu mzigo wa kumwagilia kila siku, ukaniambia, "Baba, wewe ulikuwa mtu wa pampu. Tutengeneze kitu kijimwagilie chenyewe." Nilijifanya nina kazi nyingi. Ukweli nilifurahi mpaka sikulala mchana. Miaka tisa kule Nyangoto kazi yangu ilikuwa kuyatoa maji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ili wenzangu wachimbe. Maji kwangu yalikuwa adui. Nimeyavuta, nimeyamwaga, nimeyatukana. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba niyalete mahali, tena tone moja moja.

Kazi ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Tulifunga gata chini ya bati la jikoni kwa mama yako, maji yakapita kwenye kitambaa cheupe yakaingia kwenye pipa la bluu juu ya kichanja. Mimi nilitaka mipira itoke moja kwa moja kwenye pipa. Wewe ukasema hapana: pipa likijaa matone yatakimbia, likipungua yatasinzia. Ukataka ndoo ndogo katikati, yenye boya la tangi la choo, ili maji yakae kimo kimoja siku zote. Nilikubishia siku nzima. Mtu wa pampu kufundishwa na mwanafunzi! Jioni nikajaribu kwa siri njia yangu, nikahesabu matone, nikakuta umesema kweli. Asubuhi nikakwambia nimefikiria vizuri nikaona tuweke ndoo. Ukasema, "Asante kwa wazo, Baba," bila hata kutabasamu.

Na ile siku tulipokwenda duka la dawa kununua mipira ya dripu. Yule kijana akauliza kwa upole, "Poleni, nani anaumwa?" Ukamjibu, "Maua." Alitutazama sana kabla ya kutuuzia. Tulifunga mipira mitatu, ukazungusha vile vigurudumu vya kubania mpaka kila mmoja ukadondosha matone sita kwa dakika, chini ukaweka beseni la kokoto zenye maji ili hewa ibaki na unyevu. Ukapiga hesabu kwamba pipa likijaa litavuka kiangazi chote. Mwishoni ukaandika karatasi ya masharti, ukaitia kwenye nailoni, ukaibandika kwenye pipa.

Hiyo karatasi nitairudia.

Kiangazi kilichofuata ulikuwa umerudi shule. Maneno yakaanza kuzunguka kwamba mgodi utapanua eneo upande wa Nyangoto, karibu na kile kiwanja alichoniachia baba yangu. Huko Morogoro wenzako hawatajua kutegesha ni nini, lakini wewe umekua ukikuona. Mtu anasikia fununu, anakimbilia ardhi yake, anasimamisha vyumba vya haraka ambavyo hakuna atakayelala ndani yake, anapanda miti ambayo hataivuna, ili wathamini wa fidia wakija wakute kitu cha kuhesabu. Nilikuwa nawacheka watu hao. Nilikuwa nasema ni wajinga wanaotega ndege kwa pilau. Halafu Wambura, niliyefanya naye kazi mashimoni, akanipigia simu: "Mura, ndugu yangu, wewe umelala Turwa, wenzako wanapaua." Nilishindwa kukaa.

Sikuwa na bati. Bati lililokuwa karibu ni la jikoni kwa mama yako.

Nilipanda juu asubuhi nikaling'oa, pamoja na gata letu. Mama yako alitoka na mwiko mkononi akaniuliza, "Baba Robi, na mimi nitapikia wapi?" Nikamwambia nitamfunika kwa turubai wiki mbili tu. Nikashuka nikaenda kwenye pipa, kwa sababu kule kiwanjani fundi alihitaji chombo cha maji ya kuchanganyia saruji. Lilikuwa limepungua kidogo tu, matone yanadondoka vizuri. Na hapo mama yako akasimama mbele ya pipa.

Sasa nisikilize vizuri. Alinyoosha kidole kwenye karatasi yako akaisoma. Nasema aliisoma, kwa sababu sina neno jingine. "Maji ya mvua tu. Ya kisima hapana. Mbolea hapana. Nyama hapana, vinakamata vyenyewe. Boya lisiguswe. Mpira ukiziba puliza, usitoboe. Asante, Robi." Neno kwa neno, mpaka hiyo asante. Baadaye nilijua kwamba ulipoondoka Januari alimwomba Mama Ghati aje asimame pale amsomee, akarudi kumwomba tena, na tena, mpaka yakamkaa kichwani. Akawa anayasema peke yake akifagia. Mtu ambaye walimtoa darasa la pili kwenda kulea wadogo zake alikuwa ameihifadhi karatasi yako kuliko mimi ninayejua kusoma na nilikuwa sijaisoma hata mara moja mpaka mwisho.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nani mwenye nyumba hii?"

Akasogea. Nikalipindua pipa. Maji yote yale tuliyoyakusanya tangu masika yakaenda uani, kuku wakaruka. Mama yako alikimbia na sufuria, na beseni, na kikombe, akakinga alichoweza, akajaza madumu mawili akayaweka chini ya kitanda. Mwezi mzima alikuwa akivinywesha kwa kikombe kutoka kwenye madumu hayo, akipima, mimi nikiwa Nyangoto naezeka kibanda. Siku moja fundi akapiga simu kwamba maji yameisha, nikaja mbiombio, nikaona madumu mawili yenye maji chini ya kitanda, nikayafunga kwenye pikipiki nikaondoka nayo. Hakuwepo, alikuwa sokoni. Sikujiuliza madumu ya maji yanafanya nini chumbani.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kigoda, hakunisalimia. Akasema tu, "Yale yalikuwa ya Robi." Kiburi kikanipanda. Badala ya kusema pole, nikachukua kopo, nikateka kisimani, nikavimwagilia mbele yake. Nikamwambia, "Maji ni maji. Ng'ombe anakunywa, sisi tunakunywa, majani ni nani?" Na kwa sababu nilikuwa nimeshasema, kesho yake nikarudia. Unajua kisima chetu, birika linabaki na ukoko mweupe chini. Kingo za majani zikaanza kuwa kahawia. Vifuniko vikajikunja. Ungefikiri hapo nitashtuka niache. Nilishtuka, Robi, lakini sikuacha, kwa sababu kuacha kungekuwa kukiri kwamba mama yako alisema kweli.

Kisha nikaogopa likizo yako inakaribia. Nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani kucheka na siwezi. Nilinunua maini, nikayakatakata vipande vidogo, nikavitumbukiza ndani ya kila kibuyu ili vipate nguvu haraka. Baada ya siku mbili vikaoza vikanuka mpaka Mama Ghati akauliza kama kuna kuku amekufa. Jambo lile lile la samadi. Mtu mmoja, kosa moja, mara mbili, na mara ya pili masharti yalikuwa yameandikwa na kusomwa kwa sauti.

Ulipofika hukuingia hata ndani. Ulikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko na begi mgongoni. Ukarudi, umeshika chungu kimoja, majani yanachurura, ukaonja udongo kwa ncha ya ulimi. "Nani alivipa maji ya kisima?" Nilikuwa kwenye kiti changu. Mama yako alinitazama, Robi. Alinipa muda. Nasema kweli mbele ya Mungu, alinipa muda wa kutosha mtu kusimama, kukohoa na kusema jina lake. Nilitazama kikombe changu cha chai. Ndipo akasema, "Ni mimi, mama. Nilisahau."

Na wewe ukasema, "Kosa ni langu. Nilimwandikia mtu asiyejua kusoma."

Hukupaza sauti. Ulisema taratibu, ukaingia chumbani. Yeye akaokota chungu ulichokiacha mezani, akafuta meza. Ulikuwa na haki ya uchungu, sikulaumu. Lakini ujue kwamba neno lile ulilomrushia lilimpata mtu aliyekuwa na karatasi yako yote kichwani, na bado akanyamaza. Mimi nilikuwa na uwezo wa kulizuia lisimfikie. Ningesema maneno matatu tu.

Kesho yake asubuhi nilimfuata akikamua. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Hakuacha kukamua. Akasema, "Baba Robi, mimi nakujua. Ungesema ni wewe, mtoto angelia. Akilia, ungeona anakudharau, ungepandwa na hasira. Ukipandwa na hasira ungemwambia neno ambalo hatalisahau. Mimi nikikosea, atanuna. Wewe ukikosea, ataondoka."

Nilikwenda nikakaa nyuma ya zizi nikiwa na hasira naye. Hasira kweli! Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba hasira ile ndiyo ushahidi wa maneno yake.

Vyumba vya Nyangoto unajua vilivyoishia. Vipimo vilipita ng'ambo ya kijito, kwangu hapakuguswa, na hakuna wa kumlaumu, hakuna mtu aliyeniahidi kitu. Vimesimama pale mbuzi wa watu wanajikinga mvua. Bati nilipokwenda kulirudisha nilikuta limetobolewa misumari kila mahali, ndiyo maana mama yako bado anapikia chini ya turubai, na pipa lako sasa linakinga maji ya bati la nyumba kubwa. Nilimwambia wiki mbili.

Nimejiuliza nilijifunza wapi tabia hii, na sijaenda mbali. Kule mashimoni, Wambura aliwahi kuniambia pampu inanuka moshi. Nikamwambia kila pampu inanuka. Ikaungua mchana ule, maji yakajaa, wenzangu wakapoteza msimu mzima, na mimi nikawaambia muuza mafuta ametuuzia mafuta machafu. Mpaka leo kuna watu Nyangoto hawanunui kwake kwa sababu yangu. Babu yako, baba yangu, alikuwa vivyo hivyo. Alipomkosea mama yangu alileta sukari, na mama alijua kwa uzito wa mfuko kosa ni kubwa kiasi gani. Sijawahi kusikia neno "nimekosea" kutoka kinywani mwake, na nilikua nikidhani ndiyo uanaume. Mimi nilimletea mama yako kitenge. Kile cha njano chenye ndege, uliniuliza siku moja mbona hakivai. Hakivai kwa sababu anajua ni cha nini. Alikipokea, akasema asante, akakikunja, akakiweka chini kabisa ya sanduku.

Sina mafundisho ya kukupa, Robi, angalia hali yangu. Unakwenda kusomea kilimo, utafundishwa na watu wanaojua. Ninachojua mimi ni kidogo na nimekinunua ghali: kosa langu la kwanza halikuwahi kuniharibia nyumba. Samadi haikuharibu kitu, tulicheka. La pili ndilo linaharibu, lile la kulilinda la kwanza. Na kuna jambo jingine ambalo linanitia hofu. Unafanana nami. Ulivyojibu "sawa" wiki hii bila kumtazama, nilijiona. Umemwadhibu mama yako mwaka mzima kwa adabu, bila tusi hata moja, hakuna mtu anayeweza kukushika kwa lolote. Unamsalimia, unamsaidia kuosha vyombo, na humkabidhi kitu chochote cha maana. Barua za shule ulinipa mimi. Simu ya matokeo ulinipigia mimi. Kila uliponiheshimu mimi zaidi yake, nilipokea, na nilijua ninachopokea si changu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango. Barua hii ningeitia mfuko wa pembeni wa begi lako, uikute ukiwa umeshapita Bunda, mbali na mimi, ulie kwenye bega la abiria wa jirani, na ukinipigia simu kwa hasira nisingesikia vizuri kwa sababu ya mtandao. Mpango mzuri sana kwangu. Kwa mama yako ungekuwaje? Angekuaga kesho stendi, ungempa mkono kama unavyompa siku hizi, angerudi hapa kufua mashuka yako, na moyoni angebaki na ule mkono. Hapana. Ningekuwa nimempindulia pipa mara ya pili.

Kwa hiyo sitaiweka kwenye begi. Jua limeshuka kwenye migomba, utafika muda si mrefu. Naweka kalamu chini, naenda jikoni kumwambia mama yako kwamba nilichokuwa naandika si orodha, na kumwambia kwa mdomo wangu maneno ambayo baba yangu hakuyajua. Sijui atanijibu nini. Huenda asijibu, ana haki. Halafu nitasimama getini nikusubiri, na hii nitakupa mkononi kabla hujavua viatu.

Ukiisoma unaweza kunikasirikia. Nitajitahidi kutopandisha hasira kwa sababu umenikasirikia, na nikipandisha, nikumbushe kwamba nilikuandikia hivi. Usiniambie lolote leo kama huna la kuniambia. Lakini kwa mama yako nenda leo, usingoje kesho stendi kwenye kelele za watu. Keti naye. Kisha mfungulie karatasi hizi umsomee, polepole, zote, pamoja na bati na madumu na maini. Ukifika mahali ninapoonekana vibaya usiparuke ili kunilinda. Katika nyumba hii nimelindwa vya kutosha.

Baba yako,
Marwa